Maili Elfu Moja Kabla Siku Haijaisha

Ukitoka Mombasa kwa barabara, ukapita Nairobi, ukavuka mpaka Malaba, ukaiacha Kampala nyuma na kushuka hadi Kigali, utakuwa umekata kilomita 1,650 hivi. Lori la mizigo huipa safari hiyo siku kadhaa. Sasa punguza kidogo tu, iwe kilomita 1,609, kisha mpe mtu mmoja na pikipiki moja, umwambie aimalize ndani ya saa 24. Hilo ndilo sharti la SaddleSore 1000, jaribio la maili 1,000 linalosimamiwa na Iron Butt Association, chama cha Marekani cha waendesha pikipiki wa masafa marefu kilichokua chini ya Mike Kneebone.

Si mashindano. Hakuna bendera ya kuanzia wala anayeshika nafasi ya kwanza, na aliyemaliza kwa saa 17 hupata cheti kilekile anachopata aliyemaliza kwa saa 23 na nusu. Kila mtu huchagua siku yake, njia yake na pikipiki yake. Makumi ya maelfu ya watu wamekwisha kulifanya jaribio hili, na wengi wao hawakuwahi kukanyaga uwanja wa mbio.

Gawanya 1,609 kwa 24, unapata 67. Kilomita 67 kwa saa ni mwendo ambao hata pikipiki ya bodaboda ya cc 150 inaumudu bila kulalamika. Shida ni kwamba ndani ya hiyo 67 kuna kila kitu: kujaza mafuta, kwenda chooni, kula, foleni, mvua, kupotea njia na kulala. Kwa hiyo mgeni wa mchezo huu hufikiri dawa yake ni kukaza mwendo. Hesabu inamkatalia. Anayetembea kilomita 100 kwa saa anahitaji saa 16 na dakika chache za kuwa barabarani. Akipandisha hadi 110 anahitaji saa 14 na dakika 40 hivi. Ameokoa saa moja na nusu bila dakika chache, na ameilipia: nguvu ya upepo unaomkinza huongezeka kwa mraba wa mwendo, mafuta yanakwisha mapema, na tiketi moja ya trafiki inaweza kumla nusu saa aliyohangaika kuitafuta.

Linganisha na vituo. Tuseme safari ina vituo sita vya mafuta. Anayekaa nusu saa kila kituo amepoteza saa tatu. Anayekaa dakika kumi amepoteza saa moja. Saa mbili nzima zimepatikana pikipiki ikiwa imesimama. Wakongwe wa masafa marefu wanalijua hili, ndiyo maana ukiwatazama barabarani utawaona wanatembea mwendo wa kawaida kabisa, hata magari ya familia yanawapita. Umahiri wao unaonekana kwenye pampu.

Dereva mzoefu anafika kituoni akiwa ameshajua anachokwenda kufanya. Kadi ya benki iko katika mfuko uleule wa koti kila mara, haitafutwi. Glavu zinakaa sehemu ileile, juu ya kioo au chini ya mkanda, kwa sababu glavu iliyosahaulika juu ya pampu imeshaharibu safari za watu. Anajaza tangi, anaitoa risiti, na kabla ya kuikunja anaisoma: tarehe ipo? Saa ipo, na ni sahihi? Jina la mji limeandikwa? Anaishikilia kando ya mita ya kilomita na kupiga picha moja inayoonyesha vyote viwili, kisha anaandika saa, mahali na kilomita kwenye daftari. Maandishi ya risiti nyingi za siku hizi huharibika yakipata joto, na mfuko wa koti juani ni joto tosha; picha ndiyo bima. Mafunda kadhaa ya maji, jicho kwenye tairi, huyo anaondoka. Kinachoua muda ni kiti cha mgahawa, na simu.

Mambo ya karatasi yana sababu yake. Chama hakimwamini mtu kwa maneno, wala hakiamini mita ya pikipiki, kwa kuwa mita nyingi husoma zaidi ya ukweli kwa asilimia chache. Wakaguzi huchukua risiti, wakaziweka kwenye ramani ya kompyuta, na kupima njia fupi kuliko zote inayounganisha kituo kimoja na kingine. Ukizunguka kwa barabara ndefu bila kupata risiti kwenye kona, unahesabiwa umepita mkato. Ndiyo sababu wenye busara hupanga ziada ya makumi ya kilomita juu ya 1,609.

Njia mojawapo inayofaa kuelezwa ni ya barabara kuu ya Interstate 10, kutoka Jacksonville katika pwani ya Atlantiki jimboni Florida hadi San Antonio, Texas. Ni maili 1,070 hivi, yaani kilomita 1,720, na karibu zote ni barabara pana isiyo na taa za kusimamisha magari. Inapita Florida ya kaskazini, inagusa Alabama kwenye mji wa Mobile, inakata Mississippi na Louisiana, kisha inaingia Texas kupitia Beaumont na Houston. Ukiitazama kwenye ramani utadhani ni mstari ulionyooka usio na la kufikiria. Ukiipanga kwa saa, inageuka.

Chukua dereva anayeondoka Jacksonville saa kumi alfajiri, akishika wastani wa kilomita 96 kwa saa, vituo vikiwa ndani. Mapema tu, anapovuka mto Apalachicola, saa za eneo zinarudi nyuma kwa saa moja. Saa 24 zake hazijaongezeka hata sekunde, lakini risiti zake sasa zinasema vingine, na asiyeandika kwenye daftari ni saa za wapi atajichanganya mwenyewe. Saa saba mchana hivi yuko Baton Rouge, penye daraja la mto Mississippi linalosifika kwa foleni. Kwa saa hiyo atapita bila taabu kubwa. Baada yake yuko juu ya daraja la bonde la Atchafalaya, linalokwenda kilomita 29 juu ya maji na misitu ya kinamasi; huko si pa kukumbuka kwamba tangi limekaribia kukauka. Halafu Houston, kilomita 1,400 tangu aondoke. Anaingia saa kumi na moja na nusu jioni, wakati mji mzima unatoka kazini.

Hapo ndipo mpango uliochorwa mezani unapoonyesha thamani yake. Mwenzake aliyeondoka saa nane usiku anaingia Houston saa tisa na nusu alasiri, kabla magari hayajafungana. Mwingine amechagua Jumapili. Wa tatu anaondoka saa ileile ya kumi lakini analala saa mbili huko Louisiana, anaingia Houston giza likiwa limetanda na barabara imepumua. Wote watatu watafika San Antonio kabla ya muda kwisha. Anayeteseka ni yule aliyebanwa kwenye foleni akiwa na saa kumi na tano mwilini, klachi mkononi, injini ikimchoma mapaja.

Mwili una hesabu zake pia. Kiti cha pikipiki kilichotoka kiwandani kimetengenezwa ili kipendeze dukani na kuvumilika kwa saa mbili tatu. Uzito wa mtu hukaa juu ya mifupa miwili ya makalio, damu inabanwa, na mshono wa chupi ambao asubuhi haukuhisiwa, jioni ni wembe. Ndiyo maana wa masafa marefu hushonewa viti vipana, au hutandika ngozi ya kondoo, na huvaa kaptula laini zisizo na mishono badala ya pamba, maana pamba hunywa jasho ikabaki mbichi. Pochi haikai mfuko wa nyuma.

Masikio husahaulika. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kelele ya upepo ndani ya helmeti hupita desibeli 90, ilhali wataalamu wa afya kazini Marekani wanashauri mtu asizidishe 85 kwa zamu ya saa nane. Helmeti nzuri haitoshi. Vizibo vya sponji vya bei ya soda moja vinasaidia zaidi, tena anayevivaa hufika akiwa amechoka kidogo kuliko asiyevivaa. Kuhusu joto, watu wengi hufanya kinyume cha inavyotakiwa. Upepo hupoza maadamu hewa ni baridi kuliko ngozi, ambayo ina nyuzi 35 hivi. Hewa ikizidi hapo, kufungua koti ni kujipulizia moto na kukaushwa maji. Anayejua hufunga koti, akavaa kizibao kilicholoweshwa ndani yake, na kunywa maji kidogo kidogo kwa mrija bila kusimama.

Lakini adui mkubwa ni usingizi, na huyu hashindwi kwa ushujaa. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa umakini sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, na akifika saa 24 ni kama mwenye 0.10. Aliyeamka saa kumi alfajiri anaifikia saa ya 17 usiku, wakati amebakiza kipande cha mwisho. Juu ya hayo, saa ya mwili ina mabonde mawili: kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na jingine dogo alasiri. Kwa kilomita 100 kwa saa pikipiki hukata mita 28 kila sekunde. Kope zikifunga sekunde tatu, mita zaidi ya 80 zimepita bila dereva.

Chama chenyewe kinawaonya wanachama wake waziwazi: ukisinzia, simama. Kahawa hutumiwa kwa akili. Wengi huiacha siku kadhaa kabla ya safari ili ije kufanya kazi siku inapohitajika. Inachukua kama nusu saa kuamka mwilini, hivyo wapo wanaoinywa kisha wakalala dakika 20 juu ya meza ya saruji kwenye eneo la mapumziko, na helmeti kichwani. Wenyewe kwa mzaha huita malazi hayo Iron Butt Motel. Mlo mzito haugusi mdomo mpaka safari iishe.

Pikipiki yenyewe ina umuhimu mdogo kuliko mabaraza ya wapenzi wa injini yanavyopenda kuamini. Honda Gold Wing ya zamani yenye tangi la lita 25 na kioo kipana cha kukinga upepo ni starehe, hakuna ubishi. Lakini mwaka 1995 Ed Otto alimaliza Iron Butt Rally, safari ya siku 11 ya chama hichohicho, akiwa juu ya skuta ya Honda Helix ya cc 250.

Na kabla ya chama hiki watu walishajipima. Mwaka 1914 Erwin Baker alikata Marekani kutoka San Diego hadi New York kwa pikipiki ya Indian katika siku 11 na nusu, mara nyingine akipita juu ya reli kwa kukosa barabara. Miaka miwili baadaye dada wawili, Augusta na Adeline Van Buren, walivuka bara hilo kwa pikipiki zao wakitaka kuthibitisha kwamba wanawake wanaweza kuwa matarishi wa jeshi. Njiani walikamatwa kwa kosa la kuvaa suruali. Jeshi liliwakataa.

Je, Afrika Mashariki inafaa kwa jaribio hili? Kwenye karatasi, ndiyo: Dar es Salaam hadi Mbeya na kurudi ni kilomita 1,650 hivi. Barabarani ni jambo jingine. Barabara kuu zetu hupita katikati ya miji, penye matuta na kikomo cha kilomita 50 kwa saa. Hiyo ya Mbeya hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50, na kugonga mnyama kuna faini. Zaidi ya yote kuna mchana wetu. Jacksonville mwezi Juni hupata saa 14 za mwanga. Hapa kwetu ni 12 mwaka mzima, kwa hiyo anayehitaji saa 18 ataendesha saa sita gizani, kati ya ng'ombe na malori yaliyokufa njiani yakiwekewa matawi ya miti badala ya taa. Safari hiyo haifai kupendekezwa kwa mtu yeyote.

Nusu yake inafaa. Kilomita 804 kuanzia mapambazuko hadi magharibi zina wastani uleule wa 67, na ni pungufu kidogo ya Dar es Salaam hadi Mbeya. Anayetoka Kibaha saa kumi na mbili asubuhi atakuwa na Kitonga ya kupanda nyuma ya malori, Iringa ya kuivukia na baridi ya Makambako kabla jua halijazama. Ushahidi hautamsumbua: risiti ya mashine ya kodi anayopewa kwenye kituo cha mafuta Tanzania huchapishwa tarehe, saa na jina la muuzaji.