Mtoto wa figo anaposinzia madrasa

Kwa familia za Kiislamu za Mbesa, wilayani Tunduru, kama kwingineko mkoani Ruvuma, mtoto hutarajiwa shuleni na madrasa pia. Anayesinzia juu ya juzuu yake huitwa mvivu, na pengine bakora humfuata. Leo tunamtetea mmoja asiyestahili hukumu hiyo: mwenye maradhi sugu ya figo.

Maradhi haya humsumbua sana usiku. Figo zilizodhoofika hushindwa kuukoleza mkojo. Hutoka mwingi na mwepesi, mtoto akaamka kila mara, au akarudia kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha. Taka zinazobaki mwilini humwasha ngozi. Damu nayo hupungua, na madini ya chuma yakiwa haba miguu hukosa utulivu: akijinyoosha tu huhisi kama anatambaliwa na sisimizi, wala hapati nafuu mpaka airusherushe au ainuke atembee. Hili la miguu ni jepesi kudhaniwa jini. Hatuoni ubaya wa kumsomea ruqya, ubaya ni kuishia hapo, hali Mtume wetu (s.a.w.) alihimiza kujitibu.

Mbesa ipo hospitali ya misheni, na Songea ipo hospitali ya rufaa ya mkoa. Kuanza kwa kupima mkojo, damu na shinikizo la damu hakungoji safari ya Muhimbili. Mzazi amweleze daktari habari za usiku hata asipoulizwa: mtoto ameamka mara ngapi, anakoroma au la, miguu ikoje. Chuma kikionekana kimepungua, kina tiba yake.

Dawa za usingizi zisinunuliwe dukani. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hukimbilia kwa maumivu ya miguu, zaweza kuziumiza figo zaidi. Wala asinyimwe maji ili asikojoe. Wapo wagonjwa wa figo wanaohitaji maji mengi na wapo wanaopimiwa, na mwenye kuamua ni daktari.

Ustadhi wa madrasa naye aambiwe mapema, na kwa faragha, maana watoto hutaniana kwa ukali. Qailula fupi ya mchana itamsaidia. Ikiwa ndefu, itamwibia usiku.

Ramadhani huleta mtihani wa pekee, kwani mtoto hupenda kufunga na wenzake. Asiyebaleghe hajafaradhishiwa saumu, na kushinda bila maji kwaweza kuzidhuru figo zake. Ndugu zake wakiamka kula daku, yeye aachwe alale.