Nani Aitunze Maktaba Iliyochakaa?

Katika Linux, neno maktaba halina maana ya chumba cha vitabu. Ni fungu la maagizo ya kompyuta yaliyokwisha andikwa, ambayo programu nyingi huyatumia kwa pamoja ili kila mwandishi asirudie kazi ile ile. Maktaba ikiwa na ufa, programu zote zinazoitegemea huingia hatarini.

Chukueni mfano wa Qt 4, maktaba ya kuchorea madirisha na vitufe katika kioo cha kompyuta. Ilitolewa mwaka 2005. Qt 5 ikafuata mwishoni mwa 2012, na mwaka 2015 wenye Qt 4 wakaacha kuitengeneza. Lakini katika Debian, mkusanyo wa Linux unaotunzwa na watu wa kujitolea tangu 1993, programu nyingi zilikuwa bado zinaitaka. Watunzaji wachache wa Qt wakabaki na mzigo ambao wenyewe wameutua. Tena maktaba nyingine, kama OpenSSL inayolinda siri za mawasiliano, ziliendelea kubadilika, na Qt 4 ikahitaji viraka ili ipatane nazo. Fundi anayeshona viraka hivyo siye aliyeikata nguo, wala hana vipimo vyake.

Wapo wasemao kwamba aliyeitia maktaba katika mkusanyo aitunze daima, maana watu walimwamini. Sikubali. Hana mshahara, na saa anazoipa Qt 4 anaziondoa kwa Qt 5. Wala mtumiaji hana lawama. Yeye hajui hata jina la maktaba. Mimi naona mzigo ni wa wenye programu zinazoitaka: ama wahamie maktaba mpya, ama waje wenyewe kuitunza ile ya zamani. Mlango upo. Debian kifurushi kisicho na mtunzaji hutangazwa kuwa yatima (jina hili limenipendeza sana), na mwenye ujuzi aweza kujitokeza kukilea.

Asipotokea mlezi, kuiondoa ni afadhali kuliko kuiacha, kwa sababu mtumiaji akiiona imo hudhani iko salama. Ila ilani itolewe mapema. Watunzaji wa Qt walitangaza nia yao mwaka 2017. Debian 10 ya mwaka 2019 ilitoka ingali na Qt 4, na Debian 11 ya Agosti 2021 ikatoka bila hiyo. Miaka minne yatosha kwa mwandishi aliye hai na kazi yake.

Hukumu hii ni kali kwa shule, tuseme, yenye programu moja ya zamani ambayo mwandishi wake amekwisha itupa. Hata hiyo ingeweza kukaa na Debian 10 hadi Juni 2024, kwa kuwa matengenezo ya miaka ile ya mwisho yalifanywa na mafundi waliolipwa na makampuni yaliyokuwa yanayahitaji.