Kutu Inayosafisha Gesi ya Samadi

Gesi ya samadi, itokanayo na kinyesi cha ng'ombe kilichooza mahali pasipo na hewa, ni mchanganyiko. Sehemu yake kubwa ni methani, ndiyo iwakayo. Karibu theluthi moja au zaidi ni kaboni dayoksaidi. Humo pia mna haidrojeni salfaidi, ambayo mara nyingi haizidi sehemu 5 katika kila 1,000. Uchache huo usitudanganye. Gesi hii yenye harufu ya yai viza hula shaba, na ikiungua hutoa salfa dayoksaidi, ambayo ikikutana na maji hufanya asidi itafunayo injini. Tena ni sumu: ifikapo takriban sehemu 100 katika milioni, pua huacha kuinusa, na mtu hudhani kuwa hatari imeondoka.

Tuiondoeje? Kwa kuwa ni asidi dhaifu, mwanafunzi wa kemia atafikiria chokaa. Viwanda vya gesi ya makaa ya mawe vya Uingereza viliitumia katika karne ya 19, na uvundo wa chokaa iliyochakaa ukawa kero mijini. Kwetu kuna kikwazo zaidi: kaboni dayoksaidi, iliyo nyingi mno, nayo huila chokaa na kuimaliza upesi.

Kutu, adui wa kila fundi, huiacha kaboni dayoksaidi ipite, ikaikamata salfa:

Fe₂O₃ + 3H₂S → Fe₂S₃ + 3H₂O

(Kutu halisi ina maji ndani yake; hapa tumeandika kwa ufupi.) Kwa hesabu, gramu 160 za oksidi hiyo hukamata gramu 102 za haidrojeni salfaidi, kwa vitendo ni pungufu. Kutu huchanganywa na maranda ya mbao ili gesi ipenye, hutiwa unyevu, kisha hupakiwa katika chombo kilichoungwa kwenye bomba. Wekundu ukigeuka weusi, kutu imeshiba.

Hapo haitupwi, kwani hewa huihuisha:

2Fe₂S₃ + 3O₂ → 2Fe₂O₃ + 6S

Tendo hili hutoa joto jingi, na lundo kavu laweza kushika moto lenyewe. Kwa hiyo bomba hufungwa kwanza, kutu hutolewa nje, mbali na moto, ikatandazwa nyembamba, ikanyunyiziwa maji na kugeuzwa kwa koleo. Baada ya kurudiwa mara kadhaa, salfa hufunika chembe zote, na hapo budi kutia kutu mpya.