Pilipili ya Shosho na somo la mbegu

Pilipili iliyo shamba yakuwashiani? Methali hii huifundisha kila mwaka, nikiwaeleza wanafunzi kwamba humkanya mtu anayejitia katika mambo yasiyomhusu. Hata hivyo, tangu nianze kupanda pilipili nyuma ya nyumba yangu hapa Lanet, nimekuwa na mashaka nayo. Ipo pilipili iliyoniwasha kabla sijaitia kinywani, na kisa chake ndicho ninachotaka kuwasimulia walimu wenzangu na wanafunzi.

Kisa kilianza kwa kipande cha gazeti. Ajuza mmoja, jirani ambaye mtaa mzima humwita Shosho, aliniletea pilipili 3 zilizokauka, zimekunjwa vizuri ndani ya gazeti kuukuu. "Mwalimu," akaniambia, "ukizipanda hizi hutanunua tena. Zinawasha kiasi, na watoto watazipenda kwa rangi zake." Nilishukuru kwa adabu, nikaziweka rafuni, nikazisahau kwa miezi kadhaa. Nilizikumbuka siku nilipotakiwa kuwaongoza vijana wa darasa langu katika kilimo cha bustani ndogo, nami sikuwa na hata senti ya kununulia mbegu.

Shosho alisema kweli. Tunda la mmea ule huanza likiwa na rangi ya zambarau iliyokoza, likageuka manjano, kisha rangi ya chungwa, na mwisho likawa jekundu. Kwa kuwa matunda hayaivi siku moja, mche mmoja hubeba rangi zote 4 kwa wakati mmoja, na wapita njia husimama langoni wakauliza ni ua gani. Kuhusu ukali, wataalamu wana kipimo kilichobuniwa mwaka wa 1912 na Mmarekani Wilbur Scoville. Kwa kipimo hicho, pilipili aina ya jalapeno huwa kati ya 2,500 na 8,000, ilhali zile za jamii ya habanero hupita 100,000. Ya Shosho sijaipima kwa chombo chochote isipokuwa ulimi, nao waniambia iko mahali fulani katikati: huchangamsha maharagwe bila kumtoa mlaji machozi.

Ugumu ulikuwa katika kuotesha. Pilipili ni mgeni kwetu. Asili yake ni Marekani ya Kati na Kusini, na ilivuka bahari baada ya safari za Columbus zilizoanza mwaka wa 1492, Wareno wakiwa miongoni mwa walioisambaza. (Jina lenyewe ni kongwe kuliko mmea. Chimbuko lake ni Bara Hindi, na lilihusu mimea ya jamii ya pilipili manga. Mgeni alipofika akarithi jina la mwenyeji.) Mmea huu hupenda joto, na mbegu zake huota upesi zaidi udongo ukiwa na nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Sasa fikiria Lanet, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi za Julai mtoto huenda shuleni akitoa mvuke kinywani! Mara ya kwanza nilisia mbegu nje, moja kwa moja katika udongo wetu huu wa majivu ya volkano, nikangoja wiki 3. Hakuna kilichoota ila magugu.

Mara ya pili tulitumia akili. Wanafunzi walileta trei za karatasi za mayai, tukazijaza mchanganyiko wa udongo na mboji iliyochekechwa, tukasia mbegu kwa kina cha nusu sentimita, kisha kila mmoja akabeba trei yake nyumbani na kuiweka jikoni, mahali penye uvuguvugu lakini mbali na moshi. Walionywa wasimwagilie kupita kiasi, kwani udongo ukirowa daima, kuvu huishambulia miche shingoni ikaanguka kama iliyokatwa kwa wembe. Baada ya siku 9 msichana mmoja alinijia mbio kabla ya kengele: "Mwalimu, imeota!" Miche ilipofikisha wiki 7 na kuwa na majani 6 hivi, tuliizoesha jua kidogo kidogo kwa wiki nzima, ndipo tukaipandikiza, sentimita 45 kati ya mche na mche. Vidukari walipokuja tuliwafukuza kwa maji ya sabuni.

Siku ya kuvuna, mvulana mmoja alipasua tunda kwa kucha, kisha akajifuta jicho. Kilio chake kilisikika hadi majilisi ya walimu. Wenzake walimkimbilia na maji, naye akaoshwa jicho kwa muda mrefu, lakini mikono iliendelea kuwaka. Hapo nikapata somo la kemia bila kuliandaa: kiini cha ukali, kapsaisini, hakiyeyuki vyema katika maji, bali katika mafuta. Mikono husuguliwa kwanza kwa mafuta ya kupikia, kisha kwa sabuni. Na kinywa hutulizwa kwa maziwa. Aidha, wengi hudhani ukali uko kwenye mbegu, kumbe makao yake ni ule utando mweupe unaozishikilia. Ndege hawauhisi kabisa, na kwa sababu hiyo humeza matunda na kuzitawanya mbegu bila kuzisaga.

Mwaka uliofuata ndipo pilipili iliponiwasha mimi. Tulikuwa tumepanda pia pakiti moja ya mbegu za dukani, pilipili nzuri, ndefu, zote kama mapacha. Tulihifadhi mbegu za matunda yake pamoja na zile za Shosho, tukazisia. Za Shosho ziliota na kuzaa kama mama yao. Zile za dukani zilitoka vurugu tupu: nyingine fupi, nyingine nene, nyingine kali ajabu, nyingine hazina ladha. "Mwalimu, mbegu zimetuhadaa?" wakauliza. La hasha. Kwenye pakiti yalikuwa yameandikwa maandishi F1, nasi hatukuyasoma. Ilikuwa mbegu chotara, na mtoto wa chotara hurejea kwa mababu mbalimbali, kama Mendel alivyoonyesha kwa njegere zake katika makala aliyoyachapisha mwaka wa 1866. Mwanafunzi wa sekondari huukariri ukweli huu apate alama. Wangu waliushika mikononi.

Sisemi mbegu chotara ni haramu. Mkulima anayetaka mazao mengi ya umbo moja ana sababu nzuri ya kuinunua. Ninachopinga ni kumlea mtoto akiamini kwamba mbegu hutoka dukani tu, kama vile maji yatokavyo mferejini. Na imani hiyo, wapenzi wasomaji, haikuletwa na uvivu wetu pekee. Sheria ya Kenya ya mbegu na aina za mimea, pamoja na marekebisho yake ya mwaka wa 2012, ilifanya kuuza au kupeana mbegu ambazo hazikusajiliwa na kuidhinishwa kuwa kosa. Adhabu ilifika hadi kifungo cha miaka 2, au faini ya Sh1 milioni, au vyote viwili. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka Shosho na kipande chake cha gazeti. Ajuza yule, mhalifu? Nami je, niliyegawa mbegu zake kwa watoto wa watu?

Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani mwaka wa 2022 kuipinga sheria hiyo. Mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikatamka kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuhifadhi na kupeana mbegu vilikiuka Katiba. Hatuko mbali na vita hivyo. Shirika la Seed Savers Network, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiwafunza wakulima kuhifadhi mbegu za kienyeji, lina makao Gilgil, mwendo mfupi kutoka hapa kwa barabara ya kwenda Nairobi.

Lakini hukumu ya jaji haihifadhi mbegu. Kazi hiyo yataka mikono, na ina ufundi wake. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, ila nyuki hutembea, na ukiwa na aina mbili bustanini chavua itachanganyika. Wanafunzi wangu hufunga tawi moja kwa kipande cha chandarua kikuukuu kabla maua hayajafunguka. Matunda yakishika ndani yake, huondoa chandarua na kuyatia alama ya uzi mwekundu. Matunda ya uzi hayaliwi. Huachwa hadi yaive kabisa, mbegu zikatolewa, zikaanikwa kivulini juu ya sahani, kisha zikatiwa katika bahasha yenye jina na tarehe. Mahali pakavu na baridi zitaota hata baada ya miaka 2. Baridi yetu ya Lanet, iliyotutesa wakati wa kusia, hapa ni rafiki.

Mwezi uliopita Shosho alikuja tena langoni. Mbuzi walikuwa wameingia kwake wakaila miche yote hadi shina, naye hakuwa amebakiza tunda hata moja. Alisimama akitazama zile rangi 4 kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anaomba mkopo, iwapo ningeweza kumpa kidogo. Nilimwita yule msichana aliyekuwa wa kwanza kuotesha. Akahesabu mbegu 30, akazikunja katika karatasi ya daftari la hesabu, akampa kwa mikono miwili.