Likizo ya peke yako pwani: tazama mwezi kabla ya kukata tikiti

Likizo ya mfanyakazi wa mjini aghalabu huwa imekwisha gawanywa kabla haijafika. Wiki ya kwanza ni ya kiwanja ambacho msingi wake unangoja saruji. Ya pili ni ya arusi ya binamu. Ya tatu huliwa na msiba, maana msiba haungoji ratiba. Na ya nne hupotea katika kupeleka watoto kliniki na kufuatilia hati iliyokwama ofisini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara angalau siku 28 mfululizo zenye malipo, zikiwamo sikukuu zitakazoangukia ndani yake. Lakini hakuna sheria iwezayo kumlazimisha mtu apumzike.

Ndiyo sababu mtu asemapo kuwa anataka kwenda pwani siku nne au tano, peke yake, pasipo arusi wala matanga ya kuhudhuria, jamaa humtazama kwa wasiwasi. Akiwa mwanamume mwenye mke ataulizwa kama wamegombana. Akiwa mwanamke hataulizwa, atasemwa. Hata hivyo, muuguzi aliyekesha zamu za usiku mwaka mzima, dereva wa basi la masafa marefu, mwalimu mwenye darasa lililofurika, au mama aliyemuuguza mzazi hadi akamzika, hawa wote wana haki ya siku chache ambazo hakuna mtu anayewaita. Ni heri mwenzi aambiwe mapema, atajiwe mji, aachiwe namba ya nyumba ya wageni, kuliko kutungiwa safari ya kikazi isiyokuwapo. Mwenye kuficha atakaa ufukweni akihesabu nani amemwona.

Wapi, basi? Wengi huchagua kwa kutazama picha, na picha ya bahari haisemi ilipigwa saa ngapi. Mtu wa bara aendaye Paje au Jambiani, mashariki ya Unguja, kwa mara ya kwanza, huenda akatoka chumbani saa nne asubuhi na taulo begani akakuta bahari imekwenda zake. Mbele yake ni mchanga mtupu na vidimbwi, akina mama wameinama katika mashamba ya mwani, na mawimbi yanavunjikia mwambani, mbali kabisa. Hakudanganywa na mtu. Amefika siku za bamvua.

Jambo hili linafaa kueleweka vema, kwa kuwa ndilo linaloharibu likizo fupi kuliko jingine lolote. Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa kama saa 24 na dakika 50; kwa hiyo saa ya maji kujaa husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huyavuta maji kwa pamoja, na hapo ndipo lipatikanapo bamvua: tofauti baina ya maji kujaa na kupwa huweza kupita meta 3. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hupingana, na maji huwa mafu. Hayapandi sana wala hayashuki sana. Katika mwambao wa Dar es Salaam na Unguja bamvua lina desturi ambayo kila mvuvi anaijua. Maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Baada ya wiki moja mambo hugeuka: hujaa karibu na saa nne na kupwa karibu na saa kumi.

Basi apendaye kuoga jioni, jua likiwa limepoa, na apange kufika tarehe mosi au kumi na tano ya mwezi wa Kiislamu, au siku moja mbili baadaye. Kalenda nyingi za ukutani huzionyesha tarehe hizo pembeni. Apendaye kuoga asubuhi kisha alale mchana, na aende tarehe nane au ishirini na mbili. Hesabu hii haigharimu hata senti. Na aliyekuta maji yamekupwa asisikitike, kwani ndiyo saa ya kutembea kuelekea mwambani pamoja na wenyeji, miguuni akiwa na viatu, maana huko kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu mfano wa nungunungu, tena kuna taa aliyejifukia mchangani. Lakini maji yakianza kugeuka, rudi. Hutangulia kujaza mikondo iliyo nyuma yako, na mgeni hushtuka anakatiwa njia wakati bado anatazama mbele.

Pepo nazo zina neno lake. Kusi, livumalo tangu Mei hadi Septemba hivi, huleta ubaridi mtamu wa Juni na Julai, lakini huichafua bahari ya upande wa mashariki. Kaskazi, kuanzia Desemba, huja na joto. Masika, Machi hadi Mei, vyumba huwa rahisi kwa sababu zisizohitaji maelezo, na baadhi ya hoteli za ufukweni hufungwa kabisa. Kwa maoni yangu miezi ya kupendeza kwa mtu aliye peke yake ni Septemba na Oktoba, kusi likiwa limechoka na mvua za vuli hazijashika kasi. Angalia pia Ramadhani, ambayo kila mwaka hutangulia kwa siku kama 11: katika miji ya pwani migahawa mingi hufunga mchana, ingawa jioni zake ni nzuri mno.

Mwenye siku mbili tu na aende Bagamoyo. Ni kiasi cha kilometa 70 kutoka Dar es Salaam, na mtu hufika kabla hajachoka. Tusidanganyane: bahari ya Bagamoyo si ya buluu, kwa kuwa mto Ruvu humwaga tope lake kaskazini ya mji. Lakini asiye na mwenzi wa kuzungumza naye hapati upweke pale, kwani kuna magofu ya Kaole, kuna mji mkongwe wa kutembea polepole, na kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni ambayo ngoma zake husikika kabla hujaiona. Nenda katikati ya wiki. Jumamosi na Jumapili Dar es Salaam nzima huwa imekufuata.

Unguja ni saa mbili hivi kwa boti ziendazo kasi, usisahau kitambulisho. Kaskazini, yaani Nungwi na Kendwa, bahari haikimbii mbali kama ilivyo mashariki, na mtu huweza kuoga karibu saa yoyote. Hiyo ndiyo raha yake. Karaha yake ni muziki wa usiku na mapapasi, ambao humwona mtu pekee kama mlango ulioachwa wazi. Jambiani kuna utulivu zaidi, kwa sharti la kuijua ile hesabu ya mwezi. Ama Mafia, papa potwe wanaoonekana huko kati ya Oktoba na Februari ni ajabu ya kweli, na hifadhi yake ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995, ndiyo ya kwanza nchini. Ila safari ya kwenda Nyamisati kisha kuvuka bahari ni ya mwenye likizo ndefu na tumbo lisilochafuka.

Mimi nikiulizwa mji mmoja wa siku tano, hutaja Pangani. Uko kama kilometa 50 kusini ya Tanga, penye mlango wa mto uliobeba maji ya Kilimanjaro na Meru. Ni mji mdogo kiasi kwamba siku ya pili muuza kahawa hukujua, na siku ya tatu hukuuliza kwa nini jana ulichelewa. Hiyo kwa mtu aliye peke yake ni ulinzi kuliko ukuta wa hoteli. Hapa ndipo upinzani wa Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani ulipoanza mwaka 1888, na hapa ndipo waliponyonga mwenyewe mwezi Desemba mwaka 1889. Nyumba za zamani zenye milango ya nakshi bado zipo, nyingine zimesimama kwa ukaidi tu. Ng'ambo ya mto, kusini, uko ufuko wa Ushongo wenye minazi. Baharini kuna Maziwe, ambacho zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje na kasa wakitaga. Leo ni fungu la mchanga ambalo bamvua hulimeza lote, hivyo nahodha ndiye apangaye saa ya kwenda, si abiria.

Neno moja la kukaza kuhusu Pangani: usiogelee mlangoni mwa mto. Maji yanapotoka huenda kwa nguvu isiyoonekana juu, na mto wenyewe una mamba. Oga ufukweni, mahali ambapo watoto wa mji wanaoga, na usiingie ndani zaidi ya kifua kama hakuna mtu nchi kavu anayejua kuwa umo majini. Hakuna atakayekukumbusha, umekuja peke yako.

Kabla ya kulipia chumba uliza mambo machache kwa simu: kama mlango una komeo la ndani, kama chakula cha usiku kinapatikana hapo hapo, na kama wanaweza kukutafutia bodaboda wanayemfahamu toka stendi. Fika kabla ya magharibi. Fedha usiziweke zote kwenye simu, kwa kuwa simu hulowa. Mwanamke na achukue khanga mbili za ziada, za kujitanda atokapo majini kupita mitaani. Hapo salamu zitamfikia kwa heshima, naye apate kuzijibu bila haraka.

Waliobaki nyumbani hawatakuuliza habari za maji mafu. Watauliza umewaletea nini. Ng'onda wa Pangani watafaa, ila wafungwe kwa gazeti mara tatu kisha mfukoni, la sivyo basi zima litajua ulikotoka.