Je, Wajua? Tom Wills na Mpira wa Waaustralia

Je, wajua kwamba mpira wa Australia, ule wa uwanja wa duaradufu na nguzo nne za goli kila upande, ulipata kanuni zake miaka 4 kabla Waingereza hawajaunda chama chao cha kandanda mwaka 1863? Zilikuwa kanuni 10 tu. Wanachama wachache wa klabu ya Melbourne waliziandika hotelini, Mei 17, 1859, na aliyejulikana kuliko wote mezani pale alikuwa Tom Wills, nyota wa kriketi mwenye umri wa miaka 23.

Wills alikuwa amesoma Rugby, Uingereza, akataka wafuate mpira wa shule hiyo. Wenzake wakakataa: kanuni za Rugby ziliwachanganya, na kupigana mateke ya ugoko hakukuwafaa watu wazima wanaoamkia kazini. Wakapiga marufuku mateke hayo. Kuhusu kuotea hawakuandika chochote, na hadi leo katika mchezo huo hakuna kuotea.

Mwaka uliotangulia, Julai 10, 1858, Wills aliandika barua gazetini akiwasihi wacheza kriketi waunde klabu ya mpira, miili yao isilegee wakati wa baridi. Wakishindwa hilo, alisema, basi waunde hata klabu ya kulenga shabaha kwa bunduki! Agosti 7 akawa refa wa pambano la shule mbili za Melbourne, Scotch College na Melbourne Grammar. Kila upande ulikuwa na wachezaji 40, mechi ikaendelea kwa Jumamosi tatu, na mwishowe ikawa sare ya goli 1 kwa 1.

Na refa mwenzake? Alikuwa John Macadam, mkemia kutoka Uskoti. Makadamia inayolimwa leo Embu na Murang'a ina jina lake: mtaalamu wa mimea Ferdinand von Mueller aliupa mti huo jina la rafiki yake.

Utoto wa Wills ndio unaonigusa zaidi. Alikulia magharibi mwa Victoria, kwenye ardhi ya watu wa Djab Wurrung, akicheza na watoto wao na kusema lugha yao. Wenyeji wa eneo hilo walikuwa na mchezo wa kurukia mpira wa ngozi, na wanahistoria wangali wanabishana kama mchezo huo ndio uliozaa mpira wa Australia.

Kisha msiba. Mwaka 1861 alimfuata baba yake, Horatio, kwenda kuanzisha shamba la mifugo Cullin-la-ringo, Queensland. Oktoba 17 wenyeji walivamia kambi, wakaua watu 19, Horatio akiwemo. Tom alipona kwa sababu alikuwa ametumwa kuleta mahitaji. Walowezi na polisi wakalipiza kisasi, na wenyeji wengi mno wakauawa. Tom mwenyewe aliamini kwamba ukatili wa mlowezi jirani ndio uliochochea yote.

Miaka 5 tu baadaye, mtu huyohuyo alikubali kuwa kocha na nahodha wa timu ya kriketi ya wenyeji wa asili. Desemba 26, 1866, aliingia nao uwanja mkuu wa Melbourne mbele ya maelfu ya watazamaji. Baadhi ya vijana wale walisafiri hadi Uingereza mwaka 1868, wakacheza mechi 47. Ndiyo iliyokuwa timu ya kwanza ya Australia kuzuru nchi hiyo. Wills hakuwa nao. Nahodha alikuwa Charles Lawrence.

Pombe ilimwandama, na fedha zikamwishia. Mei 2, 1880, akiwa amechanganyikiwa baada ya kuacha pombe ghafla, alijiua. Alikuwa na miaka 44. Kaburi lake pale Heidelberg lilikaa bila alama kwa karne nzima, hadi 1980 lilipowekewa jiwe. Leo sanamu yake iko nje ya uwanja wa Melbourne, ikimwonyesha akiwa refa wa ile mechi ya 1858. Shule zile mbili bado hukutana uwanjani kila mwaka.