Kilimanjaro Hujambisha

Anayekwea Kilimanjaro kwa njia ya Rongai, inayoanzia ng'ambo ya mpaka karibu na mji wa Loitokitok nchini Kenya, huonywa mapema kuhusu baridi na kuumwa kichwa. Ambalo halitajwi sana ni kwamba huko juu atajamba zaidi kuliko alivyozoea. Mwaka 1981 madaktari wawili wa Marekani, Paul Auerbach na York Miller, waliliandikia jarida la tiba barua ya utani kiasi kuhusu jambo hilo, baada ya kulishuhudia katika milima ya Colorado.

Kisa ni fizikia. Kadiri unavyopanda, kanieneo ya hewa hupungua na gesi iliyo tumboni hutanuka, kama vile pakiti ya krispi iliyofungwa Mombasa inavyofura ikifika nyanda za juu. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, kanieneo ni chini kidogo ya nusu ya ile ya pwani. Gesi iliyojaza mililita 100 mjini Loitokitok hukaribia mililita 170 kileleni, na lazima itafute mlango.

Mlima lakini hauzalishi gesi. Sehemu ya gesi hiyo ni hewa tunayoimeza tukila na kuongea. Nyingine hutengenezwa na bakteria wa utumbo mpana, na hapo ndipo maharagwe ya Loitokitok yanapoingia. Yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo utumbo mwembamba hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zikifika chini zikiwa nzima, bakteria huzichachusha na kutoa haidrojeni, kaboni dioksidi na, kwa baadhi yetu, methani. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza waliwapa watu 10 chakula chao cha kawaida pamoja na gramu 200 za maharagwe. Kwa saa 24 walitoa kati ya mililita 476 na 1,491 kila mmoja.

Gesi hizo zote hazinuki. Uvundo hutokana na viambata vya salfa, ambavyo havifiki hata asilimia moja ya shuzi zima. Mayai, nyama, kabichi na vitunguu huviongeza. Mlio ni habari nyingine: ni mtetemo wa njia ya haja kubwa, kwa hiyo lenye kishindo si lazima linuke.

Maziwa nayo yana laktosi, na watu wazima wengi duniani hawaimeng'enyi vizuri. Wamaasai wengi wamesalimika. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliochapishwa mwaka 2007, ulipata katika jamii za Kenya na Tanzania badiliko la jeni linalowawezesha watu kunywa maziwa hadi uzeeni. Asiye nalo anywe maziwa lala, kwani bakteria wameshakula sehemu ya laktosi.

Jikoni, loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa maji mapya. Magadi, ambayo kaunti ya Kajiado inayo tele, huyalainisha haraka, ila hupunguza vitamini. Usiyakimbie maharagwe pia: ukiyala mara kwa mara kwa wiki kadhaa, tumbo huzoea.

Muone daktari ukikonda bila sababu, ukiona damu chooni, au tumbo likivimba huku unatapika na hewa haitoki kabisa. Hewa ikitoka, ni dalili kwamba utumbo unafanya kazi. Ndiyo maana mgonjwa aliyepasuliwa tumbo huulizwa wodini kama ameshajamba, na akijibu ndiyo, wauguzi hufurahi.